Je, Ni Halali Kuacha Kumzindua Mgonjwa?



Jioni moja, baada ya darasa, kijana mmoja aliyekuwa amesilimu kwa muda usiotimia mwaka alibaki nyuma mpaka wenzake wote wakaondoka. Ndipo akanieleza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Baba yake mzazi, mzee mwenye saratani ya ini, alilazwa hospitalini katika hali mbaya. Usiku wa tatu daktari alimwita kijana pembeni akamwambia, "Bwana, maradhi ya mzee yamefika mwisho. Moyo ukisimama, hatuoni faida ya kumkandamiza kifua. Wewe mwanawe mkubwa wasemaje?" Kijana akajibu, "Fanyeni mwonavyo kuwa ni heri." Alfajiri mzee akafariki, wala hakuna mkono uliowekwa juu ya kifua chake. Sasa ndugu zake wamwambia kwamba dini yake mpya ndiyo iliyomfundisha kumwachilia baba afe. Akaniuliza, "Sheikh, je, nimemwua baba yangu?"

Sikumjibu upesi, kwani swali la namna hii halifai kujibiwa kwa neno moja. Nawe, ndugu msomaji, huenda siku moja ukasimama mahali aliposimama kijana huyo. Kwa hiyo katika somo hili tutalitazama jambo kwa utaratibu. Kwanza, kumzindua mgonjwa ni kitu gani. Pili, ni lini kuwa wajibu. Tatu, ni lini yaruhusiwa kuacha. Na nne, uamuzi huo ukatwe na nani na kwa njia gani. Mwishoni tutamrudia kijana wetu na jibu alilopewa.

KUZINDUA SI KUFUFUA

Yatupasa kuanza kwa kusafisha maneno. Watu husema kwamba daktari "amemfufua" mgonjwa. Lakini kufufua ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke Yake, naye hashirikiani na yeyote katika kazi hiyo. Afanyalo daktari ni kumzindua mtu ambaye moyo wake umesimama na ubongo wake haujafa. Moyo usimamapo, damu haifiki ubongoni, na zipitapo dakika 4 hadi 6 hivi ubongo huanza kuharibika. Katika nafasi hiyo fupi, mtu akikandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikashuka kiasi cha sentimita 5 au zaidi kidogo, damu husukumwa na ubongo hutunzwa mpaka moyo uanze tena wenyewe, au ushtuliwe kwa umeme.

Elimu hii ni changa kuliko wengi wadhanivyo. Ni kweli kwamba huko Amsterdam mwaka 1767 kilianzishwa chama cha kuwaokoa watu waliozama majini, na London wakafuata mwaka 1774. Lakini njia ya kukandamiza kifua kama ifundishwavyo leo ilitangazwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani. Wao waliwafikiria hasa watu ambao mioyo yao imesimama ghafula, kama vile mgonjwa aliye chini ya dawa ya usingizi katika chumba cha upasuaji. Haikupita miaka mingi ila njia hiyo ikatumiwa kwa karibu kila afaye hospitalini, hata kwa mzee aliyekuwa akiaga dunia polepole kwa maradhi ya muda mrefu. Hapo ndipo yalipozaliwa maswali tuliyo nayo.

Tena tusidanganyike na michezo ya televisheni. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya michezo hiyo, wakaonyesha kwamba ndani yake wagonjwa 3 katika kila 4 huzinduka. Mambo yalivyo kweli ni mbali na hayo. Hata katika nchi zenye hospitali bora, katika watu ambao moyo wao husimama wakiwa hospitalini, wanaorudi nyumbani hai ni kama 1 katika 4 au 5. Na nje ya hospitali ni kama 1 katika 10. Mbavu huvunjika mara nyingi. Wengine huzinduka na ubongo umekwisha haribika. Ama mgonjwa ambaye saratani imemwenea na mwili wake umeanza kuzimika wote, kwake tumaini la kukandamizwa kifua ni dogo mno.

WAJIBU WA KUANZA

Je, udogo wa tumaini hilo watupa ruhusa ya kukaa na kutazama? Hasha. Katika Sura Al-Maida (5:33) Mwenyezi Mungu atufundisha kwamba aokoaye nafsi moja huhesabiwa kana kwamba amewaokoa watu wote. Wala haikusemwa kwamba nafsi hiyo iwe ya Mwislamu, au ya tajiri, au ya kijana. Na katika Sura Al-Baqara (2:196) twakatazwa kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Tena Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwahimiza wafuasi wake watafute dawa, kwani Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuletea na ponyo lake.

Kwa hiyo, mtu aangukapo ghafula sokoni, au atolewapo majini, au aletwapo hospitalini kutoka katika ajali bila kujulikana ni nani na ana ugonjwa gani, hapana nafasi ya kushauriana. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Uhai wa mtu huyu ulikuwa yakini. Kufa kwake ni shaka. Basi anza! Ukikosea kwa kuanza, umechoka bure. Ukikosea kwa kutoanza, hakuna atakayekurudishia dakika zile.

Sheria za serikali nazo zimeanza kulitambua jambo hili. Huko India mtu mmoja aliyekuwa juu ya pikipiki aligongwa na gari. Alipofikishwa hospitali ya karibu, walikataa kumhudumia kwa kuwa jambo lake lilihusu polisi, wakamtuma hospitali nyingine iliyokuwa mbali kiasi cha kilomita 20. Alikufa njiani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya India ikahukumu kwamba kila daktari, wa serikali na wa binafsi, anawajibika kuokoa uhai kwanza, na taratibu za polisi zije baadaye. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaweka adhabu ya faini kwa hospitali yenye uwezo wa kumtibu mtu wa namna hiyo isimtibu. Anayedai malipo kwanza wakati mtu yu katika kukata roho, huyo ameipinga dini na sheria pamoja.

NI LINI YARUHUSIWA KUACHA

Lakini Qurani Tukufu iliyotuamuru kuokoa ndiyo pia itufundishayo kwamba kila nafsi itaonja mauti (3:186), na kwamba muda uliowekwa ukifika hausogezwi mbele wala nyuma (7:35). Mafundisho haya mawili hayapingani. La kwanza latukataza uvivu, na la pili latukataza kiburi. Daktari ameamriwa kutibu. Hakuamriwa kushinda mauti.

Basi pana tofauti kubwa kati ya kuua na kuacha. Anayemchoma mgonjwa sindano ya sumu ili afe, huyo ameua, hata akisema amefanya kwa huruma. Bali anayejizuia kumkandamiza kifua mtu ambaye ugonjwa umekwisha mmaliza, na kukandamiza huko kusingemrudisha, huyo hakuua. Ugonjwa ndio uliomwua mgonjwa, naye daktari amekataa tu kumwongezea maumivu yasiyo na faida. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba kusiwe na kudhuru wala kudhuriana yafaa kukumbukwa hata mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Hii si rai yangu peke yangu. Mwaka 1974 chama cha madaktari wa Marekani kilikubali kwamba njia hii haikukusudiwa kwa mtu ambaye kifo chake kimetazamiwa kwa sababu ya ugonjwa usioponyeka, na kwamba uamuzi wa kuacha uandikwe katika karatasi zake. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman, lilikubali kwamba mtu huhesabiwa amekufa moyo na pumzi zisimamapo kabisa bila matumaini ya kurudi kwa hukumu ya madaktari, au kazi zote za ubongo zikomapo kabisa bila kurudi. Na katika mwaka 1409 wa Hijria wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa nambari 12086, kwamba yaruhusiwa kuacha kumzindua mgonjwa ambaye madaktari watatu mahodari na waaminifu wamekubaliana kwamba hakuna faida. Angalia vizuri: walitakiwa madaktari watatu, nao wawe mahodari, tena wawe waaminifu. Kazi ya kuupima ugonjwa haikuwekwa mabegani mwa jamaa wasiokuwa na elimu ya utabibu.

Huenda mtu akasema, "Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila kitu, basi kuacha ni kukata tamaa na rehema Yake." Twamjibu kwamba tumaini letu limo kwa Mungu, halimo katika mikono ya mkandamizaji. Yeye akitaka kumponya mja Wake haihitaji kwanza mbavu zake zivunjwe. Kuacha kukandamiza kifua hakumzuii mtu kuomba dua. Wala si kumtupa mgonjwa: ataendelea kupewa dawa ya maumivu, atalainishwa midomo kwa maji, atageuzwa kitandani, na watu wake watakaa naye. Hospitali ambayo ikisema "tusimkandamize" huacha pia kumtazama, hiyo imevuka mpaka.

DHAMBI IFANYWAYO KWA SIRI

Sasa twafika kwenye kiini cha somo letu. Mara nyingi ubaya haumo katika kuacha kwenyewe, bali umo katika kuacha kwa siri.

Bibi Aisha (r.a.) asimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, watu wa nyumbani walimtia dawa kinywani, naye akawaashiria wasifanye hivyo. Wao wakasema ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwakataza, akawakemea. Fikiri, ndugu msomaji! Waliokuwa pale walimpenda kuliko nafsi zao, na nia yao ilikuwa njema, lakini mapenzi yao hayakuwapa ruhusa ya kuipuuza ishara ya mgonjwa. Na mwanamke mmoja aliyekuwa na kifafa alipomwomba Mtume (s.a.w.) amwombee dua, alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Yule mwanamke akachagua mwenyewe, nalo chaguo lake likaheshimiwa.

Sasa tazama yaliyotokea pale ambapo mgonjwa hakuulizwa. Katika hospitali moja ya Queens, New York, wauguzi walikuwa wakibandika alama ndogo ya mviringo yenye rangi ya zambarau kwenye kadi ya mgonjwa asiyetakiwa kuzinduliwa. Mgonjwa akifa, kadi ilitupwa, wala haikubaki hati ya kuonyesha nani aliamua na kwa nini. Mwaka 1984 baraza la wachunguzi wa mahakama likalifichua jambo hilo, na miaka michache baadaye, mwaka 1988, jimbo la New York likaanza kutumia sheria inayotaka uamuzi huo uwe wa wazi na wa maandishi.

Na huko Uingereza mwaka 2011, mama mmoja wa miaka 63 aliyekuwa na saratani ya mapafu alivunjika shingo katika ajali ya gari, akalazwa Cambridge. Alikuwa amesema kwamba ataka kushirikishwa katika mambo ya matibabu yake. Hata hivyo amri ya kutomzindua iliandikwa bila yeye kushauriwa. Binti yake alipoigundua na kuipinga, iliondolewa; baadaye ikaandikwa nyingine kwa kuafikiana na jamaa, naye akafariki mwezi Machi. Mumewe alikwenda mahakamani. Mwaka 2014, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Tracey, Mahakama ya Rufani ikasema mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa moyoni. La kwanza: mgonjwa hana haki ya kumlazimisha daktari atumie tiba ambayo daktari aona haifai. La pili: daktari naye hana ruhusa ya kuamua kimya kimya, lazima amshauri mgonjwa, isipokuwa kama kumshauri kutamletea madhara. Kuogopa tu kwamba atahuzunika si udhuru. Mwaka uliofuata, Mahakama Kuu ya huko ikaongeza kwamba kama mgonjwa hawezi kujisemea, wanaomtunza washauriwe kila iwezekanapo. Pamoja na hayo yote, katika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, iligundulikana tena kwamba wako wazee na walemavu nchini humo waliowekewa amri kama hizo bila kuulizwa.

Mbona mambo haya hurudi? Kwa sababu kuzungumza juu ya mauti ni kuzito. Daktari aona haya, jamaa waona hofu, na mgonjwa mwenyewe hunyamaza asiwatie watoto huzuni. Lakini Waislamu wamesifiwa katika Qurani Tukufu (42:39) kwamba mambo yao huendeshwa kwa mashauri, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba jambo la mauti limetolewa katika mashauri hayo. Sirini ndimo zinamoingia nia mbaya: huyu ataka urithi, yule achoka kulipa, na mwingine aona maisha ya mlemavu si maisha. Mambo hayo hayawezi kusemwa waziwazi mbele ya watu, na kwa ajili hiyo uwazi ni ngao ya mnyonge.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Basi, ndugu msomaji, shika mambo haya manne.

1. Jifunze kumzindua mtu aliyeanguka. Ni elimu ya saa chache tu, nayo yaweza kumwokoa jirani yako.

2. Uwapo katika shaka, anza. Kuacha ni kwa mgonjwa ambaye hali yake imejulikana na imeamuliwa mbele ya wakati, wala si kwa mtu uliyemkuta ameanguka.

3. Daktari akikuambia kwamba hakuna faida, mwulize: Ni ugonjwa gani hasa? Je, madaktari wengine wamekubali? Mgonjwa mwenyewe ameambiwa nini? Imeandikwa wapi? Mtume (s.a.w.) aliposikia kwamba mtu aliyejeruhiwa kichwani alilazimishwa na wenzake kuoga akafa, aliwalaumu sana kwamba hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza.

4. Sema na watu wako ungali mzima. Kama vile Mwislamu aagizwavyo kuandika wasia wa mali, na awaambie pia jamaa zake apendavyo kutunzwa ulimi wake utakaposhindwa kusema.

JIBU KWA KIJANA

Nilimwambia kijana yule, "La, mwanangu. Hukumwua baba yako. Saratani ndiyo iliyomwua, na daktari aliyesema hakuna faida ndiye mwenye amana ya elimu hiyo mbele ya Mungu. Lakini nami nina maswali mawili. Ndugu zako, je, uliwaambia maneno ya daktari usiku ule?"

Akasema hakuwaambia, aliona ni vyema awapunguzie uzito.

"Na mzee mwenyewe, aliulizwa?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mpaka jioni ile alikuwa akizungumza. Aliniuliza hata habari za ng'ombe. Hakuna aliyemwuliza."

Nikamwambia kwamba hilo ndilo lililobaki. Baba yake hakuwa Mwislamu, lakini haki ya mtu ya kuulizwa juu ya mwili wake haitokani na dini yake. Ameipata kwa kuwa ni mtu. Jambo lililokwisha pita haliwezi kurudishwa, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Ila akiwaficha ndugu zake yaliyosemwa usiku ule, hasira yao haitakwisha, nao wataendelea kuitupia dini lawama ambayo si yake. Nikamshauri aende nyumbani awakusanye, awaambie yote tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na lile ambalo yeye mwenyewe alipungukiwa.

Alikwenda. Aliporudi darasani juma la pili aliniambia kwamba nduguye mmoja bado hamsemeshi, lakini wengine walilia pamoja naye. Tena kabla ya kuondoka alikaa na mama yake, ambaye sasa ni mzee mwenye ugonjwa wa moyo, akamwuliza kwa heshima apenda afanyiwe nini siku yake itakapofika. Mama akacheka kidogo, akasema, "Nilikuwa nikingoja mmoja wenu aniulize."

Basi nawe, ndugu msomaji, usingoje kuitwa pembeni na daktari katikati ya usiku. Mwenyezi Mungu atujalie mikono myepesi ya kuokoa, na mioyo inyenyekeayo mbele ya hukumu Yake, na ndimi zisemazo kweli kwa wagonjwa wetu. Amin.